Kitabu cha Joka Alichonisomea Baba

Kitabu chenyewe hakina jalada. Lilichanika kabla hakijafika kwetu Didia, kwa hiyo mpaka leo sijui kinaitwaje wala ni nani alikiandika. Sisi tulikiita kitabu cha joka. Baba, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale kijijini, alikitoa kwenye boksi la vitabu vya Kiingereza lililoachwa shuleni na wageni waliokuja kujitolea. Boksi lilikaa ofisini miaka mingi, mchwa wakilila kutoka chini, kwa sababu hakukuwa na mtoto hata mmoja ambaye Kiingereza chake kingemfikisha ukurasa wa pili. Baba alikileta nyumbani miezi michache baada ya mama kufariki. Nilikuwa na miaka minane.

Mama alipanda gari la kwenda hospitali mjini akiwa anatembea mwenyewe, ana kikapu chenye khanga mbili na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kutafuna njiani. Aliniambia nisiwaache kuku waingie jikoni. Baada ya wiki tatu walimrudisha nyuma ya pikapu. Watu wazima walisema ni tumbo, na zaidi ya hapo hakuna aliyenieleza. Nilikuwa mtoto wao wa pekee. Wawili walionitangulia hawakuishi.

Baada ya maziko baba hakumtaja tena. Picha yao ya harusi ilitoka ukutani, ikaacha alama safi kwenye chokaa iliyochafuka. Majirani wakija na kuanza, "Marehemu alikuwa..." yeye aliuliza habari za mvua, au bei ya pamba, au alikumbuka ghafla kwamba ng'ombe hawajanyweshwa. Nikisema "mama", alisimama akatoka nje. Hakunifokea hata siku moja. Alitoka tu, na mimi nikajifunza kutosema.

Lakini kila alasiri, tukisharudi shule na kula, alivuta kiti chake cha kukunja mpaka barazani, akavaa miwani, akafungua kitabu cha joka. Mimi nilikaa mkekani na ungo wa mchele nikichagua mawe. Alisoma kwanza sentensi kwa Kiingereza, kwa sauti ile ile ya darasani, halafu akaigeuza Kiswahili, na pale Kiswahili kiliponipita akatia Kisukuma. Joka lilimpa taabu. Sisi nyoka mkubwa tuliyemjua ni chatu, na mimi nilikuwa nimemwona mmoja kwenye ngoma, amezungushwa shingoni mwa mchezaji kama skafu.

"Sasa ni kama yule," baba alisema. "Ila huyu ana miguu minne, mabawa ya popo, na akikohoa unatoka moto."

"Anakohoa kwa nini? Anaumwa?"

Baba aliangalia ukurasa. "Ni mzee," alisema. "Ndiyo, anaumwa."

Hadithi ilikuwa ya binti mmoja wa nchi ya milima, nchi ambayo theluji huanguka miezi mitano. Theluji nayo ilikuwa shida. Baba alisema ni kama pamba iliyochambuka, inashuka kutoka juu, ila ni baridi. Kwa hiyo kwa miaka mingi niliiona nchi ile yote, mapaa yake na njia zake, imefunikwa pamba kama uwanja wa ginari, kiwanda cha kuchambulia pamba. Binti yule alikuta joka zee limevunjika bawa, limejificha kwenye pango la chumvi. Watu wa kijiji chake wangejua wangeliua. Akalificha, akalitibu, na mwishowe wakasafiri pamoja kwenda kaskazini, kwenye bahari ambako majoka huenda kumalizia maisha yao.

Nililipenda joka, lakini niliyempenda zaidi alikuwa mama wa yule binti. Alikuwa mwanamke mwenye makelele mazuri. Alisemeshana na masufuria yake. Aliweka chumvi kwenye mboga, akasahau, akaweka tena, halafu akawalaumu walioweka chumvi mara mbili. Alifunga fundo kwenye pembe ya shuka lake ili akumbuke jambo, kisha akakaa siku nzima akilitazama lile fundo, asijue ni la nini. Binti akirudi kutoka pangoni amenuna au analia, mama yake alimwambia, "Kula kwanza. Utalia ukishashiba." Akipiga chafya tatu mfululizo alisema majirani wanamsengenya, akatoka mlangoni kuwasalimia mmoja mmoja ili awakomeshe.

Hata binti alipokuwa mbali kaskazini, mama alikuwemo. Kila baada ya kurasa chache baba aliturudisha nyumbani kwake, tukamwona anafanya nini: anatwanga, anaghani wimbo wa kanisani akikosea maneno, anagombana na jogoo. Mwishoni, joka likishakufa, binti alirudi kijijini akamkuta amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Tulimaliza kitabu, baba akaanzisha tena tangu mwanzo. Nikihesabu vizuri, tulikisoma mara tatu na nusu.

Nusu ile ni kwa sababu yangu.

Nilipofikisha miaka kumi baba alioa. Mke mpya alitoka Nyahanga, Kahama, mwanamke mpole aliyekuwa ameshapita umri wa wasichana kuolewa. Alikuja na godoro, cherehani na sufuria zake. Hakunikosea lolote. Alinisuka nywele bila kuvuta. Mimi sikumpa hata neno la kumwitia. Mbele ya wageni nilisema "mama mdogo" kwa sababu baba alinitazama. Tukiwa wawili sikumwita chochote, nilianza tu kuongea, au nilisubiri ageuke.

Alikuwa amekaa kwetu kama mwezi. Alasiri moja baba alivuta kiti, akavaa miwani, akafungua pale tulipokuwa tumeishia. Nikamwambia, "Usinisomee tena. Mimi ni mkubwa, najua kusoma mwenyewe."

"Kiingereza hiki?" aliuliza.

"Nitajifunza."

Akakifunga kitabu, akasema, "Sawa, mayu," yaani mama kwa Kisukuma, hivyo ndivyo alivyoniita tangu mdogo, akaingia nacho ndani. Nakumbuka nilivyojisikia. Nilijisikia nimeshinda. Nilimwona amemsahau mama ndani ya kipindi kisichozidi miaka miwili, na hiyo ndiyo ilikuwa silaha pekee niliyokuwa nayo.

Hakunisomea tena, wala mimi sikuomba. Nilienda sekondari ya bweni, nikaenda chuo, nikapata kazi Geita. Niko huko mpaka sasa, kwenye maabara ya kituo cha afya. Siku nyingi nashinda nimeinamia hadubini nikiangalia makohozi ya wachimbaji, vijana waliokaa mashimoni wakivuta vumbi la mawe hadi vifua vikachoka. Nilikuwa nikirudi nyumbani kwa Krismasi, siku mbili, tatu zikizidi. Baba alipostaafu wakahamia Runzewe, ambako mke wake alikuwa na ndugu na mashamba yalikuwa na rutuba kuliko kwetu. Nikawa naenda mara chache zaidi. Tuliongea kwa simu: afya, mvua, mjukuu wake anaendeleaje shule. Mara moja tu, miaka kama sita iliyopita, aliniuliza, "Kile kitabu cha joka, uliwahi kukisoma mwenyewe?" Nikamwambia sina hata muda wa kusoma gazeti. Akacheka. "Kazi ni kazi," akasema.

Alikufa mwaka jana kwa kiharusi, shambani, kabla hawajampatia usafiri. Mke wake ndiye aliyesimama mbele ya ukoo akasema azikwe Didia, kwenye kiwanja cha zamani, karibu na mama yangu. Wazee walishangaa. Mimi nilikuwa upande wa pili wa msiba, na shangazi zangu, na sikwenda kumshukuru.

Baada ya arobaini alinipigia. "Kuna sanduku la bati la baba yako. Sijaligusa. Njoo ulichukue, au nikutumie kwa basi."

Nikamwambia atume.

Ndani yake kulikuwa na vyeti vyake, barua ya kustaafu, rula ya mbao, picha ya harusi iliyokuwa imetoka ukutani, imefungwa kwenye fulana nyeupe, na chini kabisa kitabu cha joka, kingo zake zimeliwa. Nilikuwa na likizo fupi. Binti yangu, ambaye ana miaka tisa, alikuwa shule. Nikasukuma vyombo pembeni, nikakaa mezani saa nne asubuhi na chai, nikaanza kukisoma tena.

Nimeandika "tena" kwa sababu ndivyo nilivyoamini. Maisha yangu yote nimewaambia watu kwamba nilikisoma utotoni. Kumbe sikuwahi kusoma hata mstari mmoja, nilikuwa nimesomewa.

Sura tatu za kwanza nilizitambua kama ninavyotambua njia ya kwenda kisimani kwetu. Pango lilikuwepo, bawa lilikuwepo, na kile kikohozi. Mwandishi hakuwa stadi kama baba. Maelezo ya milima ni marefu, na binti ana maneno mengi mno kwa mtu aliye peke yake. Mama yake yumo, lakini kwa mbali. Anasuka vikapu. Haongei sana. Nikawa nasubiri mambo ya chumvi. Nikasubiri fundo.

Sura ya nne inaanza na homa. Ukurasa wa pili wa sura hiyo, mama anakufa.

Nilirudia mara mbili nikidhani Kiingereza changu kimenidanganya. Kisha nikaendelea haraka, nikipekua, nikitafuta ni wapi atakapofufuka, maana vitabu vya majoka huwa na mambo hayo. Hakufufuka. Kurasa mia mbili na kitu zinazofuata hayupo. Anatajwa mara tano, nilizihesabu. Na mwishoni, binti anaporudi kijijini, mlango umeng'oka na ndani kuna majivu ya baridi. Hakuna mwanamke mwenye mwiko. Kitabu kinaishia hapo, binti amekaa kizingitini.

Chai ilipoa. Nilijaribu kumkumbuka baba akisoma, na hapo likanijia jambo ambalo nilikuwa nimeliona kila siku bila kulitilia maanani. Kila tulipofika kwa mama wa yule binti, hakusoma Kiingereza kwanza. Aliingia moja kwa moja kwenye Kiswahili, macho kwenye ukurasa, na mara nyingine alikaa kwenye ukurasa mmoja mpaka jua likahama kwenye mkeka wangu.

Nilijua basi kwamba alinidanganya, na nilidhani nimeelewa sababu: hakutaka mtoto aliyefiwa asikie habari za kifo. Nilimhurumia, nikamkasirikia kidogo. Lakini yule mwanamke mwenyewe alinisumbua. Siku mbili nilifanya kazi za nyumbani nikimfikiria. Mimi kumbukumbu za mama yangu ni chache mno. Nina kikapu, nina kuku na mlango wa jikoni, nina harufu ya mafuta aliyopaka. Yule wa kitabuni nilikuwa naye mzima mzima. Alitoka wapi?

Siku ya tatu nilipanda basi kwenda Runzewe.

Nilimkuta mke wa baba uani, amekaa kwenye kigoda, anapukuchua mahindi kwenye beseni. Amezeeka tangu msiba. Nikamwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hukusema unakuja! Hata maji sijateka."

Nilimsaidia kupukuchua kwa muda, tukaongea habari za njia na za mtoto. Kisha nikatoa kitabu kwenye mkoba. Alikiona, mikono yake ikasimama.

"Nilijua utakisoma siku moja," alisema.

"Mama mdogo, yule mama kwenye hadithi ya baba alikuwa nani?"

Alinitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. "Hukujua?"

"Sikujua nini?"

"Yule ni mama yako."

Aliendelea polepole, akiokota punje zilizodondoka chini na kuzirudisha kwenye beseni.

"Nilipokuja kwenu, hakuna aliyenieleza habari za marehemu. Ukutani hamna picha. Baba yako hasemi. Nikawa naosha vyombo jikoni, nasikia anavyokusomea. Nikampenda yule mama. Ana vituko! Siku moja nikamwuliza baba yako, nikitania tu, 'Leo mama wa kitabuni kaweka chumvi mara ngapi?' Nikaona uso wake ulivyobadilika. Wiki ileile jirani mmoja akaja, akala kwangu, akasema, 'Huyu angalau chumvi anaiweka mara moja, siyo kama marehemu.' Akaongeza mambo ya mafundo ya khanga. Ndipo nikaelewa."

"Ulimwambia?"

"Ningemwambia nini? Mwanamume anaongea na mke wake kila alasiri kwenye baraza yangu." Alitabasamu, lakini tabasamu halikudumu. "Nilienda kisimani nikalia huko, nikajaza ndoo, nikarudi. Sikutaka aache. Nilijua ni kwa ajili yako."

Nikamwuliza kama baba aliwahi kumweleza mwenyewe.

"Siku ile ulipomkatalia," alisema.

Mahindi yalikuwa yameniishia mkononi, nimeshika gunzi tupu.

"Alikuja jikoni. Hakuwa na kawaida ya kuingia jikoni. Akakaa juu ya gogo pale, na kitabu. Akasema, 'Amekataa.' Nikamwambia, 'Ni mtoto, kesho atataka.' Akasema, 'Mimi sijui kumtaja mama yake kwa njia nyingine. Nikianza, koo linafunga. Humu ndani naweza.' Kisha akalia, mwalimu mzima. Kesho yake akasubiri uombe. Na siku nyingine, na nyingine. Mwisho akakiweka kwenye sanduku."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungenisikiliza mimi?"

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kweli, na tulijua jibu wote wawili. Nilikuwa na miaka kumi, kisha kumi na tano, kisha thelathini, na katika miaka yote hiyo hakuna siku ambayo ningemsikiliza. Nilimwambia, "Nisamehe." Akasema, "Ulikuwa unaumia." Halafu akainuka akaenda kuangalia moto, na alikaa jikoni muda mrefu kuliko moto ulivyohitaji.

Nilibaki uani. Nilifikiria alasiri zote ambazo zingekuwepo. Baba angekuwa bado na mambo mangapi ya kusema? Yeye na mama waliishi pamoja miaka kumi na mitatu. Hayo hayaishi katika kusoma mara tatu na nusu. Alikuwa na jinsi walivyokutana, ambayo siijui. Alikuwa na watoto wawili waliotangulia, kama mama aliwalilia na vipi. Yote hayo yangeweza kuingizwa mahali fulani kati ya pango na bahari, na mimi ningeyameza bila kujua. Na aliponiuliza kwenye simu kama nimekisoma, alikuwa anauliza kama nimegundua. Nikamjibu habari za gazeti.

Alirudi na viazi na chai, akala kidogo, akapangusa mikono. "Nikuombe kitu," alisema. "Mimi Kiingereza sijui. Hicho kitabu chenyewe, cha kweli, kinasemaje? Yule mama wao."

"Anakufa."

"Nisomee."

Nikafungua sura ya nne. Nilisoma Kiingereza kwanza, nikashindwa kuzuia sauti isiwe ya darasani, kisha nikageuza. Nilisema kwamba homa ilimshika siku tano. Kwamba siku ya sita binti alilala kwa uchovu pembeni ya kitanda, na mama akafa kabla hakujapambazuka. Alipoamka majirani walikuwa wameshaingia na wameshamfunika.

"Hata kumuaga hakumuaga?"

"Hakumuaga."

"Rudia hapo."

Nikarudia. Alikuwa analia bila kujificha, khanga mdomoni, na mimi nilishindwa kuona mstari uliofuata. Msibani kila mmoja wetu alikuwa amelia na watu wake. Kuku walikuja wakala punje kwenye beseni, hakuna aliyewafukuza.

Sijaweza kumwita mama, wala sidhani nitaweza. Ulimi wangu umeshazoea vingine. Nilimshika tu mkono, ambao ulikuwa na vumbi jeupe la mahindi, na aliuacha.

"Haya," alisema baadaye, akijipangusa macho. "Endelea. Binti akafanya nini?"

Nikaangalia kitabuni. "Alichukua ndoo, akaenda mtoni kuteka maji."

"Siku ileile?"

"Asubuhi ileile."

Alitikisa kichwa, akavuta beseni karibu na miguu yake. "Angefanya nini," alisema, akachukua hindi jingine.